Gari la Maziwa Linalomsubiri Ndama

Ukungu wa Meru bado haujaondoka. Umelala juu ya mashamba ya mahindi, umefunika bati la kanisa, na wanawake wanaoteremka na maziwa wanaonekana vichwa kwanza, kisha mabega, kisha keni za aluminiamu walizobeba mgongoni au walizowafungia punda. Ni saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Sabina Loserian amesimama mlangoni mwa kibanda cha matofali, aproni nyeupe kiunoni na buti za mpira miguuni, na anampokea kila anayefika kana kwamba hajamwona mwaka mzima.

"Shikamoo, koko," anamwambia Nkasiogi, bibi wa miaka sabini na kitu, wa kwanza kufika leo. Koko ni bibi kwa Kimaa, lugha ya Wamasai na Waarusha.

"Marahaba. Umeamkaje? Watoto wameamkaje?"

"Wameamka vizuri. Na ng'ombe?"

"Wapo. Yule mweusi alikohoa kidogo, lakini amekula."

"Mvua imefika huko kwenu?"

"Imefika ikapita, kama mgeni asiyetaka chai."

Ndipo kifuniko kinapofunguliwa. Sabina anainamisha uso juu ya keni, anafumba macho na kunusa. Pua yake ndiyo kipimo cha kwanza. Cha pili ni laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa na kumuumbua aliyeongeza maji. Cha tatu ni spiriti: matone machache ya maziwa, matone machache ya spiriti, anatikisa kikombe, anatazama. Yakishikana mabonge, maziwa yanarudi nyumbani. Yakibaki laini, yanamiminwa na mwenyewe anapewa karatasi ya lita zake.

Mwandishi wa makala haya alikuwa ameahidi kufika saa moja kamili. Alifika saa moja na dakika arobaini, na njia nzima kutoka mjini alikuwa akipanga visingizio vyake: pancha, foleni, simu iliyoishiwa chaji. Hakupata nafasi ya kutumia hata kimoja. Aliulizwa habari za nyumbani, za wazazi na za mvua ya mjini, kisha akakabidhiwa kikombe cha bati chenye chai ya maziwa. Hakuna aliyetaka kujua kwa nini amechelewa, na hilo lilimuuma kuliko kama angegombezwa.

"Sisi hatumuulizi mtu hivyo," anasema Sabina akicheka. "Ukimwambia mtu mbona umechelewa, umeshamhukumu. Muulize kwanza kama nyumbani ni kwema. Kama kuna jambo, litatoka lenyewe."

Sabina ana miaka thelathini na minane. Ni Mwarusha, mzaliwa wa miteremko hii ya magharibi ya mlima, juu ya Ngaramtoni, ambako familia zinalima mahindi na maharage, zinafuga ng'ombe, na Jumapili zinagawana njia, Walutheri huku na Wakatoliki kule, bila ugomvi. Kwa miaka tisa amekuwa mpokea maziwa wa kikundi chenye familia thelathini na moja. Analipwa kwa lita anazopokea, na siku nzuri humwachia kama shilingi elfu tisa. Kabla ya hapo aliuza mboga soko la Kilombero, mjini Arusha, "nimekaa juani siku nzima nasubiri watu wenye haraka zao," kama anavyosema mwenyewe.

Leo ni Ijumaa, lakini si Ijumaa ya kawaida. Ni siku ya mwisho ya majaribio ya wiki mbili yatakayoamua kama kituo hiki kitaendelea au kitafungwa. Jibu litakuja na gari la maziwa, saa tatu kamili. Familia thelathini na moja zinajua, na mwenye kujua zaidi ni Sabina, ambaye tangu asubuhi hajakigusa kikombe chake cha chai.

Mambo yalianza Januari, siku alipofunga mlango.

Maziwa ya hapa huenda kwenye kiwanda kidogo cha jibini kilichopo Elerai, jijini Arusha. Mwenye kiwanda ni Hans, Mholanzi wa miaka sitini na miwili, ambaye ameishi Arusha zaidi ya miaka ishirini na anazungumza Kiswahili kilichonyooka, kisicho na mapambo. Mwishoni mwa mwaka jana jibini lake liliharibika mara tatu kwa sababu maziwa yalifika yameanza kuchacha. Akatoa sharti. Gari litafika kwa Sabina saa moja na kuondoka saa moja na nusu, na kituo kitakacholichelewesha kitaachwa.

Mwandishi alimkuta Hans kiwandani jana yake, amevaa kofia ya plastiki, anakagua jibini kwa kuligonga na kidole kama mtu anayebisha hodi.

"Kwetu, nikikwambia saa mbili, nimekupa neno langu," anasema. "Ukifika saa mbili na robo, hizo dakika kumi na tano zilikuwa zangu na wewe umezichukua. Baba yangu alikuwa na ng'ombe arobaini. Gari la maziwa lilipofika, lilimkuta amesimama barabarani, hata kama theluji imemfika magotini. Sikuwahi kumwona anakimbia. Kwake kukimbia ilikuwa aibu, maana yake hukujipanga."

Hata hivyo, anakiri kwamba Arusha nayo imemfundisha yake. Mwaka wake wa kwanza alialikwa harusini, kadi ikasema saa nane mchana. Alifika saa nane kasoro dakika tano, amevaa tai, akawakuta akina mama wanafagia ukumbi.

"Wakanipa viti nipange," anasema, na hapo ndipo anapotabasamu kwa mara ya kwanza. "Nilipanga viti mia mbili. Bwana harusi alifika saa kumi na moja. Aliyeshangaa ni mimi peke yangu."

Sharti la Januari lilipotoka, Sabina alilipokea kwa moyo mweupe. Alishuka mjini hadi Ngarenaro akanunua saa ya ukutani, akaitundika juu ya meza ya kupimia. Akawatangazia akina mama kwamba ikifika saa moja na nusu mlango unafungwa, awe nani. Na wa kwanza kuukuta umefungwa akawa Nkasiogi.

"Alifika saa moja na dakika thelathini na nane, na lita zake sita," anasimulia Sabina. "Nilimwona dirishani. Hakugonga. Hakulalamika. Aliniuliza kupitia dirisha, 'Sabina, watoto hawajambo?' Nikamwambia hawajambo. Akasema, 'Basi, Mungu ashukuriwe,' akageuka akapanda mlima na maziwa yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Siku hiyo aliosha upya keni zilizokwisha kuoshwa, apate pa kuficha machozi.

Lakini mlango ulifanya kazi. Wiki iliyofuata kila mtu aliwahi. Dereva wa gari la maziwa, Ludovick, Mchaga wa Kibosho anayeishi Ngarenaro, alikuwa anaondoka na dakika tano mkononi, akipiga honi ya furaha mpaka kwenye kona. Sabina akajiona kweli amefaulu, akapiga simu kwa dada yake kumwelezea.

Kisha lita zikaanza kupungua. Kutoka mia mbili na sitini kwa siku zikawa mia mbili, zikawa mia na sabini, zikafika mia na arobaini. Ukame haukuwepo, majani yalikuwa tele. Hans alipiga simu kuuliza kama kuna mahali pengine maziwa yanauzwa. Sabina akaapa kwamba hakuna. Hans akasema, bila hasira, kwamba gari haliwezi kupanda mlima kwa lita mia na arobaini, na kama hali itabaki hiyo mpaka mwisho wa Aprili, litaacha kupanda.

Asubuhi moja ya Machi, Sabina alimwomba jirani ampokelee maziwa, akapanda mwenyewe hadi kwenye boma la Nkasiogi. Yaliyofuata anayasimulia taratibu, akitazama mbali, na sauti yake inashuka kama ya mtu anayekumbuka ndoto na kuogopa isimtoke.

"Koko alikuwa anaharakisha. Mimi sijawahi kumwona koko anaharakisha, tangu nazaliwa. Alimfungulia ndama, ndama akashika chuchu, hata hajameza funda la pili koko akamvuta, akamfunga. Akaanza kukamua. Yule ng'ombe mweusi akageuza kichwa, akamtazama, akabana maziwa yote. Hakutoa hata tone. Koko akamsemesha. Akamwimbia. Ng'ombe anatafuna tu, anaangalia ukungu."

Ng'ombe wa kienyeji wa huku hamwachii mtu maziwa mpaka mtoto wake anyonye kwanza. Anayeyateremsha ni ndama, na binadamu hupata sehemu yake baadaye. Ndama hupewa muda wake, huachiwa chuchu zake mbili, na akina mama hukamua zile nyingine wakiimba nyimbo ndefu zisizo na haraka ya kwisha. Ukimvuta ndama kabla ya wakati, mama yake anajua.

"Na hilo nalijua tangu naota meno," anasema Sabina, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii macho yake yanalengwalengwa. "Nimezaliwa bomani! Nimekamua kabla sijajua kusoma. Nikasahau kwa sababu ya saa niliyoinunua kwa hela yangu mwenyewe. Niliwaambia watu wawahi, watu wakawahi, ng'ombe wakabaki nyuma."

Nkasiogi, ambaye amekaa kwenye nyasi pembeni akisikiliza kila neno huku akijifanya hasikii, anaulizwa kwa nini hakusema mapema.

"Huyu binti alikwenda semina ya wapokea maziwa," anajibu. "Nikajua ameshazungumza na ng'ombe."

Wanawake wote wanaangua kicheko. Sabina anaficha uso kwenye aproni.

Baada ya siku ile saa ya ukutani ilibaki pale pale ukutani, lakini mlango haukufungwa tena. Lita zikapanda. Gari likaanza kuchelewa kuondoka upya, na Ludovick akaanza kununa upya. Aprili ikawa inakatika, na Sabina hakuwa na jibu la kumpa Hans.

Jibu lililetwa na matope. Katikati ya masika, kenta ya Ludovick, lile lori dogo la maziwa, ilipanda juu ya kituo kutafuta pa kugeuzia, ikanasa mita chache kutoka kwenye boma la Nkasiogi, magurudumu yakazama mpaka nusu. Wanawake walisukuma wakachoka. Ikabidi wasubiri jua lipande na barabara ikauke. Ludovick, mwanamume wa miaka hamsini na mmoja ambaye huangalia saa yake hata anapokunywa maji, hakuwa na pa kwenda. Nkasiogi akamwita aje akae kwenye kigoda, aone ng'ombe wanavyokamuliwa.

"Nilikaa nusu saa nzima namtazama ndama ananyonya," anakumbuka Ludovick. "Mwanzoni nilikuwa nachemka moyoni. Nasema, jamani, si amalize? Baadaye sijui nini kikanipata. Nikamkumbuka mama yangu."

Mama yake alikuwa na ng'ombe mmoja, kule Kibosho, ndani ya banda chini ya migomba. Alimlisha vigogo vya migomba na majani, na alimkamua alfajiri, saa ile ile, mwaka hadi mwaka. Kengele ya kwanza ya misa ilipolia, ilikuwa inamkuta mama anafunga kidumu. Mtoto aliyechelewa kuleta majani hakupigwa. Alinyimwa kusalimiwa mpaka jioni.

"Kwetu kuwahi ndiyo heshima," anasema Ludovick. "Mtu anayechelewa tunasema huyo hana mtu anayemwogopa. Sasa siku ile bomani nikawaza, yule ng'ombe wa mama alikuwa wa kisasa. Alikuwa hana shida na ndama. Ungemkamua hata kwa honi. Huyu wa koko ni kiumbe kingine kabisa."

Sabina alikuwa amesimama pembeni yake siku hiyo, matope mpaka magotini. Alimuuliza swali ambalo kwa miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Kaka Ludovick, kwani lazima uanzie kwetu?"

Ludovick alicheka. Halafu akaacha kucheka.

Gari lilikuwa linaanzia juu mlimani kwa sababu ya mafuta. Linapanda tupu, linajaza linaposhuka, na dizeli inatosha. Lakini wafugaji wa chini, Ngaramtoni na pembezoni mwa mji, ni walimu, wafanyabiashara na wauguzi wenye ng'ombe wa kisasa bandani. Wao wanamaliza kukamua kabla ya jua na wanataka maziwa yaondoke wapate kwenda kazini. Kwa miaka tisa walikuwa wanalalamika kwamba gari linachelewa. Kwa miaka tisa juu walikuwa wanalalamika kwamba gari linawahi. Na gari lilikuwa moja.

Hans alisikiliza wazo hilo mpaka mwisho, akachukua karatasi, akapiga hesabu za dizeli, akakunja uso. Kupanda mlima na mzigo si mchezo. Lakini aliwapa wiki mbili za Mei. Gari lianzie chini, limalizie kwa Sabina saa tatu. Lita zirudi, maziwa yasikataliwe hata keni moja, na gari liwe limefika Elerai kabla ya saa nne na nusu. Kila siku, bila kukosa.

Kwa siku kumi na tatu halikukosa. Leo ni ya kumi na nne.

Saa tatu kamili inafika. Barabara iko kimya. Ukungu umepanda kidogo, na bega la Meru limeanza kuonekana, jeusi, limelowa. Keni zimejipanga kivulini. Lita mia mbili themanini na nne, idadi ambayo kituo hiki hakijawahi kuifikisha.

Saa tatu na robo. Sabina anapiga simu. Simu ya Ludovick haipatikani.

Saa tatu na nusu. Anachota maji kwenye mfereji, analowesha magunia na kuzifunika keni ili maziwa yabaki baridi. Mikono yake inarudia kunyoosha gunia lililokwisha kunyooka.

Katika kundi zima wanaotazama saa ni wawili tu, yeye na mwandishi. Wengine wametawanyika kwenye nyasi. Mmoja anashona shanga. Mwingine amejilaza, shuka limefunika uso, na punda wake amesimama juu yake kama mwavuli. Wanazungumza kwa Kimaa, maneno machache, kisha kimya kirefu, kisha mtu anacheka jambo lililosemwa muda mrefu uliopita. Wanajua vizuri kinachoweza kutokea leo. Ila hawaoni kama kuhangaika kutalivuta gari.

Ni vigumu kueleza hali hiyo kwa msomaji wa mjini. Mwandishi huyu, aliyezoea kuhesabu siku yake kwa vikao na foleni, alijikuta ameketi katikati yao, simu ameigeuza kifudifudi, akisikiliza maji ya mfereji yakipita. Hakujua ni dakika ngapi zilipita. Alipozinduka, mlima wote ulikuwa umetoka nje ya ukungu, mpaka kileleni, na ulikuwa karibu kuliko alivyowahi kuuona.

"Unaona?" Nkasiogi akamwambia. "Na wewe umechelewa kuondoka."

Saa nne na dakika tano, honi inasikika kwenye kona. Kenta inapanda ikinguruma, imeelemewa na mzigo, na kabla haijasimama vizuri Ludovick ameruka chini, shati limelowa jasho. Mtu ambaye katika miaka tisa hajawahi kuchelewa kufika hapa hata siku moja anasimama mbele ya wanawake thelathini.

"Dada Sabina, nisamehe. Nilikuwa nyuma ya msiba. Msafara mrefu, taa zimewashwa, wanapanda taratibu, jeneza liko mbele. Nafasi ya kupita ilikuwepo, siwezi kudanganya. Ningepitaje? Simu nayo ikaniishia chaji."

"Kaka, pole," anasema Sabina. "Nyumbani kwema?"

"Kwema."

"Mangi, kaa chini upumue kwanza," Nkasiogi anamwambia, akitumia jina ambalo Wachaga wote wa Arusha wamelizoea, wapende wasipende. "Umekuwa na rangi ya maziwa."

Sabina hakai. Anafunua keni ya kwanza, ananusa. Spiriti. Anatikisa. Laini. Ya pili. Laini. Anazipitia zote, moja baada ya nyingine. Anapofika ya mwisho anakishika kikombe kwa muda mrefu kuliko vingine vyote.

"Nzima," anasema. "Zote nzima."

Lakini ni saa nne na dakika ishirini na tano, na Elerai ni mwendo wa dakika arobaini na tano. Sharti limevunjika siku ya mwisho kabisa. Ludovick anaomba simu ya Sabina, anampigia Hans, anaweka sauti ya nje ili asije akaambiwa ameongeza chumvi. Anaeleza yote. Msafara, jeneza, nafasi ya kupita ambayo hakuitumia.

Sabina anafumba macho.

"Msiba wa nani?" Hans anauliza.

"Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngaramtoni. Simfahamu."

"Poleni. Na maziwa?"

Sabina anaivuta simu karibu. "Nimeyapima upya sasa hivi, Bwana Hans. Lita mia mbili themanini na nne. Yote mazima."

"Saa moja nzima yamesubiri, na yote ni mazima?"

"Yote."

"Nilikuwa naogopa siku kama hii," anasema Hans. "Nilijua lazima itafika, nikawa sijui maziwa yenu yatakuwaje. Sasa najua. Gari litaendelea kupita saa tatu. Dizeli ni hesabu yangu, siyo yenu. Ludovick, endesha polepole, barabara ina utelezi. Nitawaambia vijana wasiwashe moto wa kupashia maziwa bado. Nitawasubiri."

Neno hilo la mwisho, Nitawasubiri, Ludovick analirudia kwa sauti ya chini kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Kwa miaka tisa ya kumfanyia kazi Hans, anasema, hajawahi kulisikia kinywani mwake. Kisha wanawake wanalipokea, na ule ukimya wa asubuhi unavunjika kwa vigelegele vinavyowashtua punda mpaka mmoja anatimua mbio na keni tupu mgongoni.

Kenta inaposhuka na wanawake kuanza kupanda makwao, Sabina anaketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Mikono yake imejaa harufu ya maziwa na spiriti. Anasema ana mpango wa kuomba kikundi kinunue tangi dogo la kupozea, ili siku nyingine ya msiba isimtoe roho. Anasema anataka akina mama wa vijiji vya juu zaidi nao wajiunge, kwa kuwa sasa muda upo. Anaongea kwa utulivu, sentensi zikiachana mbali.

Anakiri jambo moja huku akitazama chini. Wiki hizi mbili ratiba ilibadilika, lakini yeye alikuwa bado anaamka saa kumi alfajiri kwa woga, anakuja kukaa hapa gizani na kusubiri. Miaka tisa haimtoki mtu kirahisi.

Sasa kwa kuwa jibu limepatikana, kesho atafanya nini?

Anafuta mikono yake kwenye aproni.

"Nitalala," anasema. "Nitalala mpaka Princess aje aniamshe yeye."

Princess ni kitinda mimba wake, ana miaka sita. Tangu azaliwe hajawahi kufumbua macho asubuhi akamkuta mama yake kitandani.

"Atashtuka," anasema Sabina. "Atadhani naumwa. Nitamwambia siumwi, mama. Nipo tu."